Namna ya kuuza gari ya zamani ya projekti bila kuitupa kwa bei ya chuma chakavu

Kama umewahi kuweka tangazo la gari ya zamani ambayo haijaisha kutengenezwa basi unaijua hii. Dakika tano tu simu inaita, "ipo?", unajibu ipo, "bei ya mwisho?", unataja bei, kimya. Anakuja mwingine anasema atakuja kuiona Jumamosi, Jumamosi haji. Wa tatu anakuja kweli, anaizunguka mara mbili, anapiga teke tairi, halafu anakutajia hela ambayo hata seti ya tairi ulizofunga mwaka jana hailipi. Inauma. Inauma sana kwa sababu wewe unajua ulichoweka pale, unakumbuka usiku ulioshinda chini ya hiyo gari na tochi mdomoni.

Mimi nilipitia haya na Land Rover Series III niliyoishikilia miaka minne, na baada ya kuuza hiyo na nyingine mbili nimeelewa kitu kimoja ambacho ningekijua mapema ningeokoa hela na usingizi: mnunuzi anakata bei zaidi kwa asichokijua kuliko kwa ubovu anaouona. Kutu anayoiona ataipigia hesabu, itakuwa na namba. Injini ambayo haiwaki haina namba, kwa hiyo anaweka namba mbaya kuliko zote, anahesabu ovahoo nzima, yaani kufungua injini yote na kuijenga upya, hata kama shida ni waya mmoja wa stata. Karibu kila hatua hapa chini kazi yake ni kumtoa mnunuzi kwenye "sijui" na kumleta kwenye "najua", basi.

Hatua ya 1: Tenganisha hela uliyotumia na bei ya gari

Hii ndo ngumu kuliko zote kwahiyo naiweka mwanzo. Toa risiti zako zote, jumlisha, angalia ile namba, halafu ifunike. Sio bei ya gari. Mnunuzi hanunui miaka yako wala haijali ile spea uliyoagiza mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuja isiyo yenyewe. Hata magari yaliyokamilika kabisa, yenye rangi ya kung'aa na kila kitu, mara nyingi yanauzwa chini ya gharama ya kuyatengeneza, na watu wanaofanya hii kazi kwa mapenzi wanalijua hilo tangu siku ya kwanza.

Risiti usizitupe lakini, zitafanya kazi kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya bei kama anavyoipiga mnunuzi mwenye akili

Hapa tukae kidogo. Tafuta gari ya aina yako, mwaka unaokaribiana, iliyo nzima na inatembea, uone inauzwaje. Nikisema inauzwaje namaanisha imeuzwa kweli, sio bei ya kwenye tangazo, maana kuna matangazo yana mwaka mzima pale na bei ya ndoto, hayo hayakusaidii chochote. Ukiona tangazo limetolewa haraka andika ile bei. Ongea na watu wenye gari kama yako, waulize waliuza ngapi, wengi watakwambia.

Pia angalia hali, usilinganishe yako na ile iliyokaa kwenye maonyesho. Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani ya Marekani, inapanga hali ya gari kwa namba 1 mpaka 4: 1 ni gari ya maonyesho haina hata alama, 2 ni nzuri sana, 3 ni nzuri ya kutumia, na 4 ni gari inayotembea ila kasoro unaziona kwa macho. Projekti nyingi haziko hata kwenye 4, ziko chini yake. Kwahiyo unalinganisha na namba 3, halafu unashuka.

Unashukaje? Chukua mfano wa namba tupu. Tuseme gari nzima ya hali ya 3 inauzwa 100. Kazi iliyobaki kwenye yako, kwa bei ya fundi wa kulipwa na sio kwa bei yako ya kujifanyia mwenyewe, ni 40. Imebaki 60. Hapo mnunuzi anatoa kipande kingine, hiki watu wengi hawakioni: hela ya wasiwasi. Kwenye gari ambayo haiwaki, haina karatasi na spea ziko kwenye maboksi yasiyojulikana anaweza kutoa 25 nzima, anakupa 35. Gari ileile, chuma kilekile, ila inawaka, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda za injini) imepimwa, picha za chini ya chesisi zipo, spea zimehesabiwa, anatoa labda 8 tu, umepata 52. Hujabadilisha hata bolti moja, umeondoa tu wasiwasi.

Na kama wewe ulishatumia 70 kwenye hiyo gari, ile tofauti ya 18 (70 toa 52) ndo hasara yako ya kweli. Ikubali sasa hivi ukiwa peke yako, usisubiri kuikubali mbele ya mnunuzi ukiwa na hasira.

Ongeza kidogo juu kwa ajili ya maelewano, kama sehemu moja ya kumi hivi inatosha. Ukiongeza nusu nzima watu makini hata hawapigi simu, wanaona huyu hajui anachouza.

Hatua ya 3: Jua unamuuzia nani

Mtu anayetafuta gari ya kwenda kazini kila asubuhi sio mteja wako, hata akiwa na hela. Atailinganisha na gari ya miaka kumi yenye kiyoyozi na utakasirika bure. Dalali naye anataka faida juu ya bei yako, ndo kazi yake, simlaumu, ila hawezi kukupa bei ya haki kwa sababu na yeye lazima aiuze tena. Yupo pia anayetaka spea tu, ana yake nzima nyumbani anataka giaboksi na milango, huyu hesabu yake ni nyingine kabisa.

Unayemtafuta ni yule mwenye ugonjwa wa aina hiyohiyo. Mtu wa Land Rover, mtu wa Beetle, mtu wa Land Cruiser 40. Huyu hauulizi "gari inakula mafuta kiasi gani", anakuuliza kama bamba la mbele la ndani limeoza, kama giaboksi ni ya asili, kama tangi ni lenyewe. Akianza maswali hayo tulia mjibu vizuri hata kama ni saa nne usiku. Watu hawa wako kwenye magrupu ya aina moja ya gari, wako kwa mafundi wanaotengeneza aina hiyo tu, wako kwa wauza spea za aina hiyo. Mwambie fundi anayejulikana kwa aina hiyo kwamba unauza, umpe kitu kidogo akileta mtu. Tangazo moja mahali penye watu mia wanaoijua gari linazidi tangazo kwenye soko kubwa la kila kitu ambapo watu elfu kumi wanapita.

Hatua ya 4: Karatasi kabla ya spana

Bila karatasi za umiliki unauza spea tu, haijalishi gari ni nzuri kiasi gani. Kama kadi bado ina jina la mwenye gari wa zamani, hangaika sasa ibadilishwe, usimwachie mnunuzi. Kuna projekti nyingi sana zilinunuliwa kwa kuaminiana, karatasi "zitakuja", hazikuja, na mwenye nazo ama amehama ama amefariki.

Halafu chukua brashi ya waya na kitambaa nenda kwenye namba ya chesisi. Iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, sio ile ya kibati tu, maana kibati kinatoka na kinarudishwa. Mara nyingi imefunikwa na tope, grisi na rangi za miaka. Isafishe taratibu isome, ulinganishe na karatasi tarakimu kwa tarakimu. Marekani ilianza kulazimisha namba ya herufi na tarakimu 17 kwa magari ya kuanzia 1981 na siku hizi ndo mtindo wa karibu kila mahali, haina herufi I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Gari ya kabla ya hapo namba yake inaweza kuwa fupi na kila kampuni ilikuwa na mtindo wake, hilo ni kawaida, ila muelezee mnunuzi mapema asije akadhani kuna mchezo. Namba ya injini hivyohivyo. Kama injini sio ile iliyotoka nayo kiwandani sema, na kama karatasi zinaonyesha namba ya zamani karekebishe.

Sasa zile risiti. Zipange kwa tarehe kwenye faili moja. Hutamwonyesha ili alipe jumla yake, unamwonyesha kwamba masta silinda ya breki ni mpya kweli na ilinunuliwa mwaka fulani. Kama ulipiga picha wakati unafungua injini, weka. Picha mbaya ya simu ya piston ikiwa imetolewa inaaminika kuliko maneno "injini imefanyiwa ovahoo" ambayo kila mtu anaandika.

Hatua ya 5: Iwashe, na itembee hata mita kumi

Nikwambie kilichonikuta. Ile Series III niliiacha imefunikwa miezi nane nikaweka tangazo nikijua inawaka, si ilikuwa inawaka. Akaja baba mmoja na mwanae, wametoka mbali, watu wazuri kabisa wanaoijua gari, nikageuza ufunguo, krr krr halafu kimya. Petroli ilikuwa imeharibika, kabureta imeziba, betri imechoka. Yule mzee akaniangalia kwa huruma akataja theluthi ya nilichoomba, na nikijiweka kwenye nafasi yake alikuwa sahihi, angejuaje? Nikakataa. Nikafungua kabureta nikaisafisha, nikamwaga petroli ya zamani yote, nikasugua pointi za distribyuta, nikaweka betri nyingine. Kazi ya siku mbili. Wiki tatu baadaye ikauzwa kwa karibu robo tatu ya bei niliyotaka mwanzo, kwa mtu mwingine.

Kwahiyo kama kuna hela kidogo ya kutumia kabla ya kuuza itumie hapa. Petroli inaanza kuharibika ndani ya miezi michache, usijaribu kuwasha na ya mwaka juzi, imwage. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa na gari imezimwa isome kama 12.6, na injini ikiwaka altaneta yenye afya inapandisha mpaka kwenye 14 hivi. Isipopanda, sema au tengeneza.

Pima kompresheni. Kipimio chenyewe sio ghali na unaweza kuazima kwa fundi. Toa plagi zote, kanyaga mafuta mpaka mwisho, zungusha stata mpaka sindano isimame, andika kila silinda. Usiogope sana namba yenyewe, kinachoangaliwa ni kama silinda zinakaribiana. Zikiwa 145, 140, 148, 142 injini imeongea yenyewe. Moja ikiwa imeachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 kuna kitu, inaweza kuwa valvu, ringi au hedi gasketi; weka oili kidogo kwenye hiyo silinda upime tena, ikipanda shida iko kwenye ringi, isipopanda angalia juu kwenye valvu na gasketi. Piga picha ya geji kila silinda. Hii picha peke yake inaondoa nusu ya maswali.

Kama injini imegoma kabisa na huna uwezo wa kuitengeneza angalau hakikisha inazunguka kwa mkono. Toa plagi, weka spana kwenye bolti ya krenki, zungusha, rekodi video. Injini inayozunguka na injini iliyoganda ni bei mbili tofauti.

Na breki. Hata kama ni gari ya kuvutwa, ikisimama yenyewe na ikisukumika bila magurudumu kushika, kuipakia inakuwa rahisi na mnunuzi wa mbali haogopi.

Hatua ya 6: Usipige rangi

Najua unashawishika. Usipige. Rangi mpya kwenye gari ya zamani inayouzwa inamfanya mjuzi aulize umeficha nini, na atakuja na sumaku, ataipitisha chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, isiponata anajua hapo ni bodi fila na sio chuma. (Land Rover za zamani bodi ni aluminiamu sumaku hainati hata ikiwa nzima, ila chesisi ni chuma na ndo inaoza, kwahiyo mjuzi anaingia chini moja kwa moja.) Rangi ya zamani iliyofifia lakini ya kweli inauza kuliko rangi mpya ya haraka haraka.

Osha tu. Osha vizuri, ndani na chini pia, toa majani kwenye mifereji, toa panya waliolala kwenye siti. Taa zikiwaka zote ni vizuri. Hapo simama. Hela ya kunyoosha bodi, siti mpya, rimu za kung'aa, hiyo hairudi. Na kama umefunga vitu vya ghali ambavyo sio vya asili, winchi, redio kubwa, rimu pana, vitoe uviuze peke yake kama una za asili za kurudishia. Mtu wa gari ya zamani anapenda asili. Hata FIVA, lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linaita gari ya kihistoria ile yenye umri wa miaka 30 au zaidi na iliyotunzwa katika hali sahihi ya kihistoria. Umri pekee hautoshi.

Injini ya aina nyingine uliyobadilisha ni mada nyingine. Kuna wanaoipenda hasa kama ni kwa ajili ya kutumia, ila umepunguza idadi ya wanunuzi. Kama injini ya asili bado unayo hata ikiwa imefunguka, iuze pamoja na gari, usiitupe kwenye chuma chakavu.

Hatua ya 7: Maboksi

Kila projekti ina maboksi. Mnunuzi akikuta boksi lenye bolti mia tatu zimechanganyika na waya na kioo kilichopasuka anaona kazi ya mwaka. Kaa jioni mbili tatu, weka bolti kwenye mifuko, andika kwa kalamu ya kudumu, "bawaba mlango wa kushoto", "kabureta, haijafunguliwa", "taa ya nyuma, nzima". Panga chini kwenye turubai piga picha moja kubwa halafu za karibu. Andika orodha ya vilivyopo, na orodha ya visivyopo. Ya pili ni muhimu zaidi, hasa urembo wa nje, nembo, vioo vya duara, fremu za taa, vishikio, maana injini utapata fundi ila nembo ya mwaka fulani inaweza kukuchukua miaka kuipata.

Hatua ya 8: Picha na video

Mchana, kivuli chepesi, gari imetolewa nje sio gizani kwenye gereji. Pembe nne, ndani, injini, buti, dashibodi, tairi. Tairi wataangalia tarehe, zile tarakimu nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, kwahiyo usiandike "tairi mpya" kwa sababu tu meno yapo. Halafu chini: chesisi pande zote, mikono inayobeba bodi, sakafu. Kwa Beetle piga picha sakafu chini ya betri, ambayo iko chini ya siti ya nyuma, na ile mifereji ya pembeni inayopitisha hewa ya joto, kila mtu wa Beetle ataiulizia hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Piga picha ubovu. Weka kidole au bisibisi kwenye tundu la kutu ionekane ukubwa wake. Nilivyoanza kufanya hivi watu wanaokuja walipungua, ila wanaokuja wanakuja na hela, na hakuna aliyefika akaanza kukata bei kwa kitu alichokwisha kukiona kwenye simu.

Video moja ya kuwasha injini ikiwa baridi kabisa, bila kukata: onyesha geji ya joto, washa, nenda nyuma onyesha moshi, rudi ndani onyesha taa ya oili imezima. Mtu akija usiiwashe kabla hajafika, atashika boneti, ikiwa ya moto anajua umemuandalia.

Hatua ya 9: Andika tangazo kama unamwandikia mtu mmoja

Tangazo lisiwe la "gari safi sana, njoo tuzungumze". Mfano wa ninavyoandika mimi:

"Land Rover Series III, 1976, petroli lita 2.25, chesisi fupi. Inawaka na kutembea uani, haijaingia barabarani miaka mitatu. Kompresheni 145, 140, 148, 142, picha zipo. Breki zote mpya, risiti zipo. Chesisi imechomelewa nyuma na inahitaji kazi mikono miwili upande wa kulia, picha ya 14 na 15. Giaboksi inatoka gia ya tatu ukiachia mafuta. Hakuna vioo vya pembeni. Kadi ina jina langu. Maboksi manne ya spea, orodha ipo. Nauza kwa sababu sina nafasi wala muda wa kuimaliza. Bei ni hii, maelewano yapo mbele ya gari, sio kwenye simu."

Ile sentensi ya mwisho inakuokoa na "bei ya mwisho?" nyingi. Sio zote. Wanaobaki wajibu kwa upole neno moja, bei iko kwenye tangazo, karibu uione. Sababu ya kuuza iandike ukweli, watu wanaisikia harufu ya uongo.

Hatua ya 10: Siku ya kuja kuiona

Mwache aangalie. Usimfuate nyuma ukimsimulia kila nati, nilikuwa nafanya hivyo na nikagundua nawachosha. Mpe tochi, mpe turubai la kulalia, mwambie niko hapa ukiwa na swali. Mtu aliyelala chini ya gari nusu saa ameshaanza kuipenda.

Akitaja bei ya chini usikasirike, muulize amefikaje. "Umetoa kwa ajili ya nini?" Hili swali lina nguvu kuliko kubishana. Akisema chesisi, unamwambia chesisi ilikuwa kwenye picha na bei imeshaihesabu. Akisema kitu ambacho kweli hukukijua, mkaangalie pamoja, na kama ana haki shusha. Akisema "ni gari ya zamani tu" huyo sio mnunuzi, mshukuru aende. Uwe na bei yako ya chini kabisa kichwani toka hatua ya 2 na usiibadilishe siku hiyo kwa sababu ya uchovu. Lala kwanza.

Anayesema "nitakuletea wateja wengine" au "nitamalizia mwezi ujao" bei yake ni ile aliyonayo mkononi.

Miezi mitatu ikipita na watu makini wamekuja wanne watano wote wanaishia namba moja, hiyo namba ndo bei. Hapo sio wao wanaokosea. Ila kama hakuna aliyekuja kabisa tatizo linaweza kuwa tangazo au mahali ulipoliweka, rudi hatua ya 3 na ya 8 kabla ya kushusha.

Kuivunja kuuza spea vipande vipande inaleta hela zaidi kwenye karatasi, ndio, ila utauza vizuri vyote mwezi wa kwanza halafu utabaki na bodi tupu na chesisi miaka miwili, na kila jioni mtu anagonga geti anataka bawaba moja. Nafikiria hilo pale tu ambapo chesisi imekufa au karatasi haziwezi kupatikana kabisa.

Hatua ya 11: Hela na makabidhiano

Hela ionekane kwenye akaunti yako, uiangalie wewe mwenyewe, sio ujumbe aliokuonyesha kwenye simu yake wala picha ya risiti ya benki, hivyo vinatengenezwa. Mtu anayetaka kukutumia zaidi ya bei halafu umrudishie chenji au umlipe msafirishaji wake, kata mawasiliano, huo ni wizi wa siku nyingi. Akitaka kuiendesha, kaa naye ndani, na kitambulisho chake kibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Mkataba karatasi mbili: majina, namba ya chesisi, namba ya injini, bei, tarehe na saa, na mstari kwamba gari inauzwa kama ilivyo na kasoro zilizoorodheshwa amezisoma. Wote msaini, ikiwezekana na shahidi kila upande. Badilisheni umiliki mkiwa pamoja siku hiyohiyo, usimpe kadi iliyosainiwa ikawa wazi halafu akaondoka, faini na ajali zake zitakuja kwa jina lako. Bima isitishe. Tangazo litoe.

Kabla hajaipakia pita gereji mara ya mwisho na orodha yako ya maboksi mkononi, yeye anatiki wewe unabeba. Mimi bado wiki mbili baadaye nilikuta kofia ya distribyuta na ufunguo wa tangi nyuma ya kabati, nikampigia, akaja kuchukua jioni ileile akiwa anaiendesha.